Hereni ya Mbwa wa Istanbul

Mwenzetu mmoja aliyerejea kutoka Istanbul, badala ya kutusimulia misikiti na masoko ya mji ule, ametuchosha kwa habari za mbwa. Amewaona wamelala katika milango ya maduka, wateja wakiwaruka bila ya kunung'unika. Amewaona wakipanda feri pamoja na abiria. Anakiri kwamba siku ya tatu alimnunulia mmoja mkate, na siku ya kuondoka akamtafuta ili amuage. Sisi tunaomjua tangu utotoni, na mbio zake kila alipomwona mbwa, tulicheka sana.

"Waislamu gani hao?" aliulizwa barazani. Wengi wao ni wa madhehebu ya Hanafi, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi lakini si mwili wake. Sisi Washafii tunayo hukumu nzito zaidi, wala hapana anayetutaka tuiache. Lakini kumpa kiumbe maji hakujapata kuwa haramu kwa yeyote kati yetu.

Kuna jambo moja ambalo mwenzetu alilitaja kwa kupita tu: hereni ya plastiki sikioni mwa mbwa yule. Hereni hiyo ni ushahidi kwamba mbwa amekwisha kukamatwa na watumishi wa manispaa, akafungwa uzazi, akadungwa sindano ya chanjo ya kichaa, na kurejeshwa mtaani alikotolewa, kama ilivyoagiza sheria ya Uturuki ya mwaka 2004. Mgeni anayempapasa mbwa wa Istanbul anapapasa kazi ya ofisi.

Mji ule ulikwisha kujaribu njia nyingine. Mwaka 1910 wakuu wake, kwa kutaka ufanane na miji ya Ulaya, waliwakusanya mbwa kwa maelfu na kuwatupa Sivriada, kisiwa cha mawe matupu katika Bahari ya Marmara, wakafa kwa njaa na kiu. Wenyeji hukiita pia Hayırsızada, yaani kisiwa kisicho na heri. Na heri hiyo ni hii hii yetu, imetoka katika Kiarabu kimoja. Kwa watu wa visiwani jina hilo halipiti hivi hivi.

Wala mambo hayajatulia. Manispaa nyingi hazikuitimiza sheria ya 2004, na mbwa wakazidi hata serikali ikakisia kuwa nchi nzima wanafika kiasi cha milioni 4. Baada ya watu kushambuliwa, watoto wakiwamo, Bunge lilipitisha Julai 2024 sheria ya kuwaondoa mitaani na kuwaweka katika mabanda, na wapenzi wa mbwa wakaandamana kuipinga. Hatuthubutu kumlaumu mzazi ambaye mtoto wake ameumwa. Tunachosema ni kwamba sheria iliyoandikwa vizuri iliachwa bila ya watu na fedha za kutosha, na mzigo ukawaangukia watoto na mbwa.

Jambo hili si la Waturuki peke yao. Kisiwani Pemba mbwa walianza kuchanjwa kwa wingi mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka. Kisha ugonjwa ukaingizwa tena kutoka nje ya kisiwa, ukazuka 2016. Chanjo ikarudiwa, na 2018 ukatoweka mara ya pili. Kilichofanya kazi hiyo ni sindano, na Shirika la Afya Duniani linashauri ifikie asilimia 70 ya mbwa.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika watenge fedha za chanjo kila mwaka kabla ya mtu kuumwa, si baada yake. Masheha watangaze siku ya chanjo mapema, na bandarini asishushwe mbwa asiye na cheti. Mwenye mbwa naye asione haya kumpitisha mbele ya majirani. Mwenzetu, kwa upande wake, ameahidi kufika siku hiyo kushika kamba.