Kompresa ya gereji ya nyumbani: tusinunue rangi



Baada ya swala ya Ijumaa iliyopita tulisimamishwa barazani na kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa pikipiki na bajaji anayefanyia kazi uani kwake. Amejiwekea akiba kwa miezi kadhaa, na sasa anataka kununua kompresa ili wateja wake wasilazimike kwenda kituo cha mafuta kujaza upepo. Akatuuliza, "Ustadh, ninunue ipi kwa fedha hii ndogo?" Tumeona jibu lake liwafae na wengine, kwani nyumba zetu nyingi zina gereji ndogo ya namna hiyo, na sisi wenyewe tuliwahi kukosea.

Mwaka juzi tulinunua kompresa ya mtumba. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu iliyong'aa, mtungi wake mkubwa, na bei yake ya kuridhisha. Hatukuuliza zaidi. Katika wiki ya tatu, mtoto wetu akiwa amechuchumaa kando yake akijaza upepo baiskeli, tulisikia mluzi mwembamba ukitoka chini ya mtungi. Tuliizima, tukafungua koki ya chini, yakatoka maji ya rangi ya chai. Kutu ilikuwa imekula chuma kwa ndani, na ile rangi mpya ndiyo iliyotuficha. Tundu lilikuwa dogo kama la sindano. Alhamdulillah, upepo ulivuja tu. Mtungi uliochakaa hivyo huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa nguvu ya kuua. Fundi mmoja alitaka kutuchomelea kiraka, tukakataa. Palipotoboka ni pamoja, lakini chuma kilichobaki pembeni nacho kimekwisha. Mashine ile tuliiuza kwa uzito wa chuma chakavu, baada ya kuutoboa mtungi ili asije mwingine akaupaka rangi tena.

Basi tuanze na kazi kabla ya bei. Magurudumu ya pikipiki na magari madogo huhitaji takriban PSI 25 hadi 40, na kompresa ndogo za kawaida hufika bar 8, yaani takriban PSI 116. Kwa kujaza upepo na kupuliza vumbi kwenye kabureta, karibu kila kompresa itatosha. Tofauti hujitokeza pale unapotaka spana ya upepo, na zaidi bunduki ya kupulizia rangi, ambayo huweza kula lita 200 za hewa kwa dakika au zaidi, bila kupumzika.

Hapa ndipo wengi hudanganywa na ukubwa wa mtungi. Mtungi ni ghala, pampu ndiyo shamba. Mtungi wa lita 50 ukishuka kutoka bar 8 hadi bar 6 umetoa lita 100 tu za hewa. Ikiwa bunduki inakula lita 200 kwa dakika na pampu inaleta 100, ghala hilo limepungua kiasi hicho kwa dakika moja. Baada ya hapo fundi anasubiri, na mota haipati nafasi ya kupoa.

Kibao cha mashine nacho kisomwe kwa tahadhari. Lita zinazoandikwa mara nyingi ni za hewa inayovutwa na pistoni, wala si inayofika kwenye mpira. Tumia saa. Mwombe muuzaji aiwashe mtungi ukiwa mtupu, uhesabu dakika mpaka ijizime yenyewe. Zidisha lita za mtungi kwa bar ilizofikia, kisha gawanya kwa dakika. Lita 50 kwa bar 8 ni 400. Ikichukua dakika nne, basi inakupa takriban lita 100 kwa dakika. Muuzaji anayekataa jaribio hilo tumwache na bidhaa yake.

Tuangalie na umeme wa nyumbani. Mota ya HP 2 ni takriban kilowati 1.5, hivyo ikifanya kazi saa nzima mfululizo hula uniti moja na nusu za LUKU. Wakati wa kuwaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi, na waya mrefu mwembamba wa ekstensheni hupunguza nguvu mpaka mota ikaungua. Ni heri kurefusha mpira wa upepo kuliko kurefusha waya. Mashine isiyotumia oili haina matunzo mengi, lakini aghalabu ina kelele na haidumu sana. Inayotumia oili hudumu zaidi iwapo kiwango cha oili kitaangaliwa. Jirani mwenye mtoto mchanga naye ana haki katika uamuzi huo.

Kwa anayenunua mtumba, afungue koki ya chini atazame maji yanayotoka, apapase tumbo la mtungi, ahakikishe geji inapanda na kushuka, na avute pete ya valvu ya usalama kuona kama inapumua. Fiqhi ya biashara inamtaka muuzaji aseme aibu ya bidhaa yake, na inampa mnunuzi haki ya kuirudisha akigundua aibu iliyofichwa. Lakini haki hiyo humfaa aliye hai na mzima.

Kijana wetu tulimshauri hivi: anunue mpya ya lita 50, HP 2, inayotumia oili, hata kama mtungi wake ni mdogo kuliko ule wa mtumba aliouona kwa bei hiyo hiyo. Kazi ya kupaka rangi aiache mpaka riziki ipanuke. Kila jioni amwage maji ya mtungi, watoto wasikae karibu nayo, na asimpulizie mtu upepo mwilini hata kwa mzaha. Alituambia ataanza kwa kwenda dukani na saa mkononi.

Wabillahi tawfiq.