Mwaka Unaopotea Baina ya Shahada Mbili

Msafiri aliyeiacha Kibaha mjini akaelekea Mlandizi kwa barabara ya Morogoro hupita Visiga pasipo kusimama, na aghalabu hata jina lake halimkai kichwani. Lakini mtu mwenye kuitazama siha ya watu kwa jicho la elimu angeona hapo, katika mwendo wa dakika chache, mafunzo yasiyopatikana kwa wepesi maktabani. Angeona njia ya bomba la maji ya Ruvu Juu, mtambo uliojengwa mwaka 1959 ili Dar es Salaam inywe. Angeona malori yasiyokoma usiku wala mchana, ambayo ajali zake huwapeleka majeruhi katika hospitali ya Tumbi. Angeona viwanda vinavyoongezeka kandokando ya barabara, na wageni wanaofuata kazi wakapanga vyumba katika nyumba ambazo vyoo vyake vilichimbwa kwa ajili ya jamaa mmoja tu. Na hapo hapo Kibaha pana kiwanda, kilichojengwa kwa ushirika na Wakuba, cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu. Dawa hiyo ni njema, ila haijui yenyewe ni dimbwi gani la Visiga lenye mazalia na ni lipi lisilo nayo. Kazi ya kulijua dimbwi hilo, kuliandika daftarini, kulirudia baada ya mvua, na kumkinaisha mwenye kiwanja alifukie bila ya kugombana naye, ndiyo iitwayo afya ya jamii, na watu wenye kuisomea kazi hiyo hata ukomo wake ni wachache mno kwetu.

Kwa sababu ya uchache huo, yamekuwapo maneno ya kutaka vyuo vyetu vikuu viige mpango ulioenea Marekani, ambao mwanafunzi wa shahada ya kwanza, afikapo mwaka wa nne, huruhusiwa kuanza masomo ya shahada ya umahiri ya afya ya jamii, na baadhi ya masomo hayo yakahesabiwa katika shahada zote mbili, hata safari ambayo kwa kawaida ingekula miaka sita ikamalizika kwa mitano. Naliunga mkono shauri hilo kwa nusu, na nusu niliyoibakiza nina hujja nayo, tena ni hujja ya hesabu nyepesi.

Muhimbili, palipoanzishwa skuli ya utabibu mwaka 1963 na ambapo tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kinachojisimamia, shahada ya kwanza ya sayansi ya afya ya mazingira husomwa kwa miaka mitatu, na shahada ya umahiri ya afya ya jamii husomwa kwa mwaka mmoja na yule anayeisoma mfululizo. Tatu na moja ni nne. Basi kwa karatasi sisi tumekwisha kumtangulia Mmarekani aliyeharakishwa, naye bado yumo darasani. Ilhali kwa hakika mwenye shahada hizo mbili nchini humu aghalabu ni mtu wa makamo, mwenye watoto wanaosoma. Miaka iliyosalia imekwenda wapi? Haikuliwa na masomo. Imeliwa na kungoja: kungoja tangazo la ajira, kungoja kupangiwa kituo, kungoja ruhusa ya mwajiri, na zaidi ya yote kungoja ada, kwa kuwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ulio tegemeo la mtoto wa fakiri katika shahada ya kwanza, kwa walio wengi hukoma mahafali yakiisha. Mpango wa Marekani ulibuniwa kutibu urefu wa masomo, nao ni ugonjwa wa kwao. Maradhi yetu ni pengo lililo baina ya shahada na shahada, na mwenye kupunguza masomo ili kuliziba pengo hilo atakuwa amekata kiungo kizima na kuliacha jeraha.

Nasema hivi kwa kuwa kitu cha kwanza kinachokatwa kila masomo yanapoharakishwa ni kazi ya nje ya darasa, na katika elimu hii kazi hiyo ndiyo kiini. Watu wa Kibaha wana ushahidi wa jambo hili katika ardhi yao wenyewe. Mradi ambao Tanganyika iliupatana na mataifa ya Nordiki mwaka 1963, na ambao ulikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha, uliiweka skuli ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya mahali pamoja, kwa muradi wa kupigana na ujinga, umaskini na maradhi kwa mpigo mmoja. Miaka michache baadaye, mwaka 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa redio, vijitabu na viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo mafupi iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Viongozi wale walio wengi hawakuwa na shahada yoyote. Sisemi kwamba shahada haina kazi, maana kipindupindu hakikuogopa majembe yale siku zote, na takwimu za leo zinataka mtu aliyefundishwa kuzisoma. Nasema tu kwamba mwenye shahada mbili asiyeweza kukaa na kikundi cha namna ile chini ya mwembe, akasikilizwa, hajafuzu.

Hapa ndipo penye hofu ya wakubwa wa kazi, nami siidharau. Wanauliza, je, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye shahada ya umahiri na asiyepata kukagua hata machinjio moja, atamwamrisha bwana afya aliyezunguka kata kwa pikipiki muda wa miaka ishirini? Swali lao ni la haki, na jawabu lake, kwa maoni yangu, ni kuugeuza mpango uanzie upande mwingine: njia hii ifunguliwe kwanza kwa watumishi wenye astashahada na stashahada, mabwana afya, wauguzi na matabibu wa zahanati, ambao hurudi chuoni kutafuta shahada ya kwanza wakiwa na tajiriba mikononi. Hao wakiunganishiwa shahada ya pili papo hapo, kwa ruhusa moja ya mwajiri na si mbili, hawataipunguza elimu kitu, maana kazi ya nje waliitanguliza. Kijana atokaye kidato cha sita naye apewe nafasi, lakini mwaka wake wa nne aumalizie katika kata.

Ili hayo yawezekane, Tume ya Vyuo Vikuu haina budi kutamka bayana ni masomo yapi yanaweza kuhesabiwa mara mbili, na kwamba anayeshindwa njiani kwa ugonjwa au ukata ataondoka na shahada yake ya kwanza, asirudi kwao mikono mitupu. Na Bodi ya Mikopo iuhesabu mwaka wa nne kuwa sehemu ya safari ile ile. Mtihani wa mwaka huo nao usiwe wa maprofesa peke yao. Mwanafunzi aliyepangiwa Visiga akiandika juu ya maji, mbu au vyoo vya nyumba za kupanga, asome alichoandika mbele ya wenyeviti wa mitaa, kwa Kiswahili, na alama za bwana afya wa kata ziingie katika matokeo yake, hata zikimwangusha.