Masurufu ya Mpanda Baisikeli



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi, khasa akina mama wenye majiko na vijana wenye baisikeli, juu ya jambo linaloonekana dogo mpaka siku limwangushapo mtu njiani. Jambo lenyewe ni chakula cha kumtia nguvu mwenye kwenda mwendo mrefu kwa baisikeli. Makusudio yetu ni kuonyesha ya kuwa chakula hicho chaweza kutengenezwa nyumbani, kwa vitu vilivyomo jikoni mwetu, kwa gharama ndogo na kwa usafi tunaoujua wenyewe.

Lililotusukuma kuandika ni kisa cha kijana mmoja wa mtaani kwetu. Yeye na wenzake watatu walitoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri wakikusudia kufika Malindi, mwendo wa kilomita kama 120. Kwa haraka aliyokuwa nayo alikunywa kikombe cha chai akashika njia, na mkobani hakutia ila chupa ya maji na pakiti ya peremende laini za dukani. Mpaka Kilifi alikuwa mbele ya wenzake, akiwacheka. Walipovuka daraja na jua kupanda, wenzake waliketi wakala. Yeye aliona haya kusimama, akasema hana njaa. Kabla ya kufika Gede miguu ilimwia mizito kama iliyofungwa mawe, jasho la baridi likamtoka, mikono ikamtetemeka, na akili ikamchanganyikia hata akawa hajui yuko upande gani wa barabara. Lori lililokuwa likimjia lilimkwepa kwa dhiraa mbili tu, naye akaanguka majanini. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya njia alimpa ndizi tatu na maji ya sukari. Haikupita nusu saa, akasimama kwa miguu yake.

Lakini khabari ilimtangulia nyumbani. Mama yake aliitia baisikeli chumba cha nyuma akafunga kwa kufuli, kisha akatujia na swali moja: "Mwanangu ana maradhi gani?"

Tabibu aliyempima hakumwona na maradhi. Kilichompata ni kile kiipatacho taa iliyokwisha mafuta. Ndani ya mwili wa mwanadamu mna akiba mbili kubwa za nguvu. Ya kwanza ni mafuta ya mwili. Hiyo ni nyingi, hata mtu mwembamba anayo ya kumchukua siku kadha wa kadha, lakini huwaka polepole. Ya pili ni sukari ambayo mwili huiweka katika misuli na katika ini, nayo wataalamu huiita glaikojeni. Hiyo kwa mtu mzima ni kama gramu 400 mpaka 500 tu. Mtu akikanyaga kwa nguvu bila ya kula, akiba hiyo huelekea kumalizika baada ya saa moja na nusu au mbili. Tena usiku, tulalapo, ini hutoa sehemu ya sukari yake kuulisha ubongo. Basi aamkaye akatoka kwa kikombe cha chai huwa ametoka na tangi lisilojaa. Ubongo nao hutegemea sukari iliyomo katika damu. Ndiyo sababu mwenye kuishiwa hazungumzi la maana, hukasirika bure, na hata barabara haioni sawasawa. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, kwa maana udhaifu wa miguu humsimamisha mtu, lakini udhaifu wa akili humtia chini ya lori.

Haya yamejulikana zamani. Mwaka 1924 matabibu wa Boston, Marekani, waliwapima damu wakimbiaji wa mbio ndefu za mji huo walipomaliza. Baadhi yao walikutwa na sukari ya damu iliyoshuka mno, na hao ndio waliokuwa wamelegea na kuchanganyikiwa. Mwaka uliofuata wakimbiaji walipewa peremende wale njiani, na hali yao ikawa njema zaidi. Kisha mwaka 1966 wataalamu wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijijaribu wenyewe. Walikaa pande mbili za baisikeli moja, kila mmoja akakanyaga kwa mguu mmoja mpaka ukashindwa kabisa, na mguu wake wa pili ukipumzika. Baada ya siku 3 za kula vyakula vya wanga kwa wingi, mguu uliofanya kazi ulikutwa na akiba kama maradufu ya ule uliopumzika. Mafunzo ni mawili: mwili uliozoezwa hujua kuweka akiba, na akiba hiyo hujazwa kwa wali, ugali, muhogo na viazi siku zitanguliazo safari.

Ama njiani, kanuni ni hii. Mwendo usiozidi saa moja hauhitaji zaidi ya maji. Ukipindukia hapo, mwendeshaji ale gramu 30 mpaka 60 za wanga na sukari kwa kila saa. Wazoefu wa safari ndefu sana huweza kufika gramu 90, lakini kwa sharti la kuchanganya sukari za namna mbili. Sababu yake ni kuwa utumbo una milango mbalimbali: sukari ya wanga, iitwayo glukosi, huingia kwa mlango mmoja, na sukari ya matunda huingia kwa mlango mwingine. Mlango mmoja ukisongamana, kilichobaki hukaa tumboni kikaleta msokoto. Sukari ya mezani, asali na tende zina namna zote mbili karibu nusu kwa nusu. Wali na viazi vina ile ya kwanza.

Wengine watauliza: kwa nini tusinunue zile pakiti za wanamichezo? Kununua si kosa, lakini kuna mambo mawili. La kwanza ni bei, maana kijana wa safari za kila wiki huweza kumaliza posho yake yote humo. La pili latuhusu sisi Waislamu khasa: nyingi katika peremende laini za kutafuna hutiwa jelatini, nayo hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na aghalabu katika nguruwe. Basi yapasa kusoma maandishi ya pakiti kabla ya kutia kinywani. Tulipoisoma ile pakiti ya kijana wetu tuliikuta jelatini imetajwa, wala haikutajwa ni ya mnyama gani. Naye hakuwa ameitazama. Kwa upande wa nguvu, chakula cha jikoni hakina upungufu. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapa waendesha baisikeli viazi vilivyopondwa, na mara nyingine wakawapa utomvu wa pakiti. Mwendo wao ukawa sawasawa, ingawa viazi viliwaletea gesi kidogo tumboni kwa wingi wake.

Na sisi watu wa pwani hatukuanza leo kujua masurufu ya safari. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Ghuba yalileta tende za Basra, na mabaharia wenyewe walizila njiani, kwa kuwa tende haiozi upesi, haitaki moto, na mtu huila huku mkono mmoja umeshika kamba. Sifa hizo ndizo zitakiwazo na mpanda baisikeli. Basi twaleta namna tatu za kutengeneza.

Ya kwanza ni vipande vya tende na ufuta. Twaa tende laini zilizotolewa kokwa gramu 250, ufuta uliokaangwa gramu 50, njugu karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 50, iliki kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Twanga njugu kwanza, zisiwe unga. Kisha tia tende utwange mpaka zishikane, umalizie kwa ufuta na iliki. Tandaza katika sinia kwa unene wa kidole, shindilia, acha usiku mmoja mahali pa baridi, kisha kata vipande 12. Kila kipande kina kama gramu 16 za wanga na sukari. Usizidishe njugu kwa kutaka utamu, kwa maana mafuta mengi huchelewesha chakula tumboni.

Ya pili ni wali wa kukata. Tumia mchele mfupi unaoshikana, si ule wa biriani. Kwa gramu 250 za mchele tia maji zaidi kuliko desturi, upike mpaka ulainike na kukauka. Tia vijiko 3 vya mezani vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya ndimu moja. Ponda kidogo kwa mwiko, shindilia katika sinia, ukipoa ukate vipande 10, kila kimoja ukifunge kwa karatasi ya mafuta au kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni. Kipande kimoja kina kama gramu 23. Mwenye kuchoshwa na utamu apunguze sukari, atie yai lililovurugwa na kukaushwa vyema. Tui la nazi twalisifu siku zote, lakini si katika chakula hiki. Lina mafuta mengi na huchacha upesi.

Hapa twatoa onyo. Wali uliopikwa ukakaa katika joto huota vijidudu viletavyo kutapika na kuharisha, na kuupasha moto tena hakuondoi sumu yao. Kwa hivyo upike jioni, uupoze upesi, uutie katika friji, uutoe wakati wa kuondoka, na uuli katika saa mbili za mwanzo. Kilichobaki kitupwe bila ya huruma. Tende ndizo za kubaki mkobani mpaka mwisho wa safari.

Ya tatu ni kinywaji. Katika lita moja ya maji safi tia vijiko 5 vya mezani vya sukari vilivyosawazishwa, ambavyo ni kama gramu 60, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu moja iliyokamuliwa. Chumvi isisahauliwe, kwa kuwa jasho la pwani huichukua kwa wingi. Kiasi cha kunywa ni kama nusu lita mpaka robo tatu ya lita kwa saa, kwa kadiri ya kiu na joto. Kunywa maji matupu kupita haja nako kuna madhara, kwani huizimua chumvi ya damu.

Sasa tuyapime haya kwa safari ile ile ya Malindi. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, itachukua saa 6. Mkobani tia vipande 4 vya wali, vipande 6 vya tende, na lita 2 za kinywaji. Jumla yake ni kama gramu 300, yaani gramu 50 kwa saa. Maji matupu ya kuongezea yatapatikana Kilifi. Kabla ya kutoka, kijana ale mkate na asali, au viazi vitamu, au uji wa mchele wenye sukari. Mahamri na vitu vya kukaanga vingoje marejeo.

Namna ya kula nayo ina adabu yake. Asingoje njaa, aanze katika nusu saa ya kwanza, kisha kila dakika 20 au 30 atafune nusu kipande na kupiga mafunda mawili matatu. Haba na haba hujaza kibaba. Asijaribu chakula kigeni siku ya safari kubwa, bali alizoeze tumbo katika safari fupi. Akihisi baridi katikati ya jua, au mikono kutetemeka, ashuke pale pale, aketi, ale, na awaambie wenzake. Hakuna aibu katika kusimama. Aibu ni kuwarudisha wenzako kwa mama yako na khabari mbaya. Katika Ramadhani mwendo mrefu ungoje mwezi upite. Na mwenye maradhi ya sukari asiyafuate vipimo hivi kabla ya kuzungumza na tabibu wake, maana kwake yeye hesabu ni nyingine.

Twayasema haya kwa sababu hatupendi kuona baisikeli zikifungiwa. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mashindano makubwa ya Ufaransa, na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanywa Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Vijana wetu wameyaona hayo, na miguu yawawasha. Mzazi mwenye busara hauzimi moto huo, ila huuwekea mafiga.

Ama mama wa kijana wetu, tulimsomea makala haya kabla ya kuyapeleka kwa mpiga chapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kufuli ataifungua siku mwanawe atakapoingia jikoni akatengeneza masurufu haya yote kwa mikono yake, na sinia akaziosha. Kijana alitutazama akitaraji tumtetee. Nasi tumeona sharti hilo ni la haki.