Msasa Unaofuta Ushahidi

Wapo wapenzi wa magari ya kale ambao hawawezi kuona kitu kimepinda wakakiacha. Nawasema hasa wenye Chevrolet Corvette ya mwaka 1953. Similiki gari la namna hiyo, wala pensheni ya mwalimu haitaninunulia hata taa yake, lakini uongo ni uongo hata ukipakwa rangi ya bei kubwa.

Magari hayo yaliundwa Flint, Marekani. Mwaka huo yalitoka 300 tu, yote meupe kwa nje na mekundu kwa ndani. Bodi haikuwa ya bati bali ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya plastiki, kwa sababu kalibu za kukandamizia bati zingekula muda na fedha nyingi. Vipande viliunganishwa kwa mikono na watu waliokuwa wakijifunza kazi hiyo huku wakiifanya. Milango haikukaa sawasawa.

Sasa anakuja tajiri wa leo. Anang'oa vipande vile na kuweka vipya, au anavipiga msasa hata vinang'aa kama kioo cha kinyozi, kisha anatutangazia kwamba amelirudisha gari lilivyokuwa. La hasha! Halikuwa hivyo hata siku moja. Nimesahihisha madaftari miaka mingi. Mwanafunzi aliyenakili upya insha yake na kuichana ile yenye wino mwekundu hakunionyesha maendeleo, alinificha njia aliyopita.

Wengine hubeza kwamba ni "plastiki tu". Hao wafungue buti. Kwa kuwa faibaglasi haizuii mawimbi ya redio, wahandisi waliificha antena ndani ya kifuniko chenyewe. Na kwa kuwa haipitishi umeme kama bati, taa zilihitaji nyaya za kuurudisha umeme kwenye fremu. Atupaye kifuniko kile kwa sababu kina mawimbi ametupa pamoja nacho akili ya aliyekibuni.

Najua nitajibiwa kwamba mali ni ya mwenyewe. Sawa. Palipopasuka pazibwe, tena pazibwe vizuri. Lakini mwenye gari aandike kwenye karatasi ni kipande gani cha 1953 na kipi cha juzi, na mnunuzi aisome karatasi hiyo kabla hajatoa fedha.