Kabati lililopinda na haki ya fundi
Seremala anayeunda kabati lenye uso uliopinda asiharakishwe. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, lakini kwa urefu hazibadiliki sana; ndiyo maana ubao wa mninga uliobanwa kwa misumari huweza kupasuka kiangazi kikiingia, ilhali ulimi uliochongwa kwa patasi ukakaa barabara ndani ya tundu lake hushika hata gundi ikichoka. Wapo wanaosema mashine ni nafuu. Kwa pande zilizonyooka, naafiki. Ila penye mpindo kila kiungo kina pembe yake, na kuitega mashine upya kila mara hula muda zaidi kuliko kukata kwa msumeno, kujaribisha, kuparua unene wa karatasi, kisha kujaribisha tena. Kumlipa fundi huyo bei ya kabati la kupigilia misumari ni dhuluma.