Siku Tuliyohesabu Mabehewa



Wiki iliyopita safu hii ilikuwa safarini. Tulikuwa tukimsindikiza mgeni, na kama mjuavyo, desturi yetu ya Pwani ni kwamba mgeni hapungiwi mkono mlangoni akaachwa ajiendee. Wengine husindikizwa hadi kona ya mtaa, wengine hadi kituo cha gari. Huyu wetu tulimsindikiza hadi Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, mwendo wa zaidi ya kilomita 250 kutoka Mombasa, na huko tukashinda naye kando ya reli tukipiga picha za magarimoshi ya mizigo. Ni jambo ambalo hatujapata kulifanya maishani, na huenda baadhi yenu mkacheka. Tuvumilieni tuwasimulie.

Mgeni wetu anaishi Tseikuru, kaskazini mwa kaunti ya Kitui, mbele ya Mwingi na Kyuso, nchi ya jua kali, mibuyu, ndengu na mbuzi. Urafiki wetu ulianza Changamwe, alipokuwa jirani yetu wa mlango kwa mlango kwa miaka tisa. Mumewe alikuwa dereva wa trela, akichukua makontena bandarini Kilindini na kuyapeleka Nairobi, na mara nyingine hadi mpakani Malaba. Mwaka 2019 kazi ilikatika. Wakafunga vyombo vyao, wakarudi kwao.

Mtoto wao wa mwisho alikuwa na umri wa miaka mitano siku waliyohama. Tseikuru haina reli. Wenzake darasani hawajapata kuona garimoshi ila vitabuni, naye huwahadithia honi aliyokuwa akiisikia usiku Changamwe, hata wengine wakamwita mwongo. Mama yake alipofunga safari ya kuja kututembelea, alimwagiza kitu kimoja tu: picha za treni. Tena akasisitiza, ya abiria hakuitaka. Aliitaka ya mizigo, ile yenye makontena.

Agizo hilo lilimkaa mama mtu kooni. Usiku wa kuamkia safari alituambia: "Dada, nimekaa Changamwe miaka tisa, na ile reli mpya nimeisikia tangu ianze, lakini sijapata kusimama nikaitazama. Mwaka ule baba watoto alipokaa nyumbani, nikisikia honi nikigeuza uso ukutani. Sasa mwanangu ataka niibebe picha yake niipeleke mpaka ndani ya nyumba."

Wasomaji wetu wa Mombasa hawahitaji kukumbushwa sana. Reli ya SGR ilizinduliwa kwa abiria tarehe 31 Mei 2017, na mapema mwaka 2018 ikaanza kuchukua mizigo. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba makontena yanayokwenda Nairobi na bara yapande reli moja kwa moja kutoka bandarini. Mji ukaandamana. Agizo likasitishwa, likafikishwa mahakamani, na Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Lakini riziki ya trela ni kama maji ya mfereji. Yakishaelekezwa kwingine, hata siku mfereji unapofunguliwa upya, shamba la kwanza huwa limekwisha kukauka.

Tuliondoka baada ya Swala ya Alfajiri, kaka yetu akiendesha gari. Kituo cha kwanza kilikuwa Mackinnon Road, kwenye msikiti ulio kando ya reli ya zamani, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambaye anakumbukwa kuwa alikuja kutoka Bara Hindi kufanya kazi ya kujenga reli hiyo. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wengi wao walikuwa Waislamu wa Punjab. Karibu 2,500 walifia kazini, kwa maradhi, kwa ajali, na pale Tsavo mwaka 1898, kwa kuliwa na simba.

Kaka yetu, mpenda tarehe, akaongeza kwamba mbele ya Emali upo mji uitwao Sultan Hamud, na kwamba jina hilo ni la Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala tangu 1896 hadi 1902, miaka ile ile reli ilipokuwa ikipanda bara. Mji wa Wakamba wenye jina la Sultani wa Unguja, kwa sababu ya reli! Mgeni wetu alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja: "Hao vibarua waliokufa, wake zao walipata kujua wamefia wapi?" Gari zima lilinyamaza.

Tulifika Kibwezi jua likiwa limepanda kiasi. Hapo reli ni mbili: ya zamani, yenye upana wa mita moja, na mpya, yenye upana wa milimita 1,435, iliyozungushiwa ua wa waya. Kwanza kabisa tulimtafuta mlinzi, tukamsalimu, tukamweleza haja yetu. Hakutukatalia. Alitaka tubaki nje ya ua, tusikaribie daraja wala mitambo, na akatuonyesha mwinuko karibu na barabara kuu, penye mbuyu, ambako reli huonekana vizuri ikija na ikienda. Tunalisema hili kwa makusudi, kwa sababu watoto wetu siku hizi hupenda kujipiga picha juu ya reli. Garimoshi zito la mizigo huhitaji kilomita moja au zaidi ili lisimame. Dereva akikuona mbele yake, hana la kufanya ila kupiga honi na kuomba.

Tukatandika mkeka chini ya mbuyu, tukafungua kapu: mahamri, mbaazi, chai ya chupa. Mgeni wetu aliupapasa mbuyu akasema ni kama wa kwao. Tukangoja saa nzima, kisha nusu saa nyingine. Kazi hii ya kupiga picha treni, tuligundua, sehemu yake kubwa ni kungoja. Kwanza husikii kitu. Kisha ndege hunyamaza, ardhi huanza kunguruma chini ya mkeka, halafu ndipo honi.

La kwanza lilitukuta hatujajiandaa. Mgeni wetu aliinuka na simu mkononi, kilemba kikamfunika uso kwa upepo, na picha zote zikatoka kama moshi. Kaka yetu akampa mafunzo. Jua liwe mgongoni mwako. Viwiko uvibane mbavuni ili mkono usitetemeke. Usingoje garimoshi likufikie. Bonyeza likiwa bado mbali, kichwa chake kikiwa kimejaa machoni na mkia wake bado wapinda nyuma. Akafanya mazoezi kwa malori ya barabara kuu, akicheka, na tukafurahi kumsikia akicheka.

La pili lilikuja kabla ya Adhuhuri, likipanda kwenda Nairobi. Lilikuwa refu, limesheheni makontena ya kila rangi, nyekundu, buluu, kijani. Tuligeuka kumhimiza mgeni wetu apige. Simu ilikuwa mkekani. Yeye alikuwa amesimama wima, tasbihi mkononi, na kidole gumba chake kilikuwa kikisukuma punje moja kwa kila behewa. Alizunguka tasbihi yote ya punje thelathini na tatu, akaanza tena, na behewa la mwisho lilipopita alikuwa ameshika punje ya kumi na tisa.

"Hamsini na mawili," alisema. "Huenda nimeruka moja."

Kisha akatueleza hesabu yake, kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji dukani. Behewa moja hubeba kontena moja la futi arobaini, au mawili ya futi ishirini. Trela moja hubeba hivyo hivyo. Basi behewa moja ni trela moja, na trela moja ni dereva mmoja na tanboi wake. Hizo ni nyumba mbili. "Hapo zimepita nyumba mia na nne, dada, na sijaona mtu hata mmoja."

Hatukumjibu. Tulikuwa tumezoea kuisikia habari hiyo kwa lugha ya magazeti na mikutano, kwa tani na shilingi. Hatujapata kuisikia ikihesabiwa kwa punje.

Mama mmoja muuza maembe, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa mbuyu, aliuliza kwa Kikamba kulikoni, na mgeni wetu akamweleza kwa lugha yao. Yule mama akacheka kidogo. Alisema hata yeye treni ilimwachisha kazi. Zamani lile garimoshi la abiria likisimama, nao wakipitisha maembe na mahindi ya kuchoma madirishani. Hili la mizigo halisimami wala halina madirisha. Lakini akaongeza, na mgeni wetu akatutafsiria: usiku barabarani malori yamepungua, na mwanawe hurudi nyumbani kwa pikipiki roho yake ikiwa na amani kidogo. Alitugawia maembe manne, akakataa pesa ya mawili.

Tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, pale pale chini ya mbuyu. Hatujakunja mkeka ikaja honi ya tatu. Hili lilikuwa likishuka Mombasa, makontena yake machache, mabehewa mengine matupu kabisa. Safari hii mgeni wetu alisimama vizuri. Jua mgongoni, viwiko mbavuni. Alipiga picha tano, na ya tatu ilitoka safi: kichwa cha garimoshi mbele, mkia umepinda kama nyoka nyuma yake, na pembeni kipande cha shina la mbuyu wetu.

Sasa ikabaki kuituma. Mtoto hana simu. Picha lazima ipitie simu ya baba yake.

Aliishika simu kwa muda mrefu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akaandika maneno matatu tu, "Ni za mtoto," akatuma, na akaiweka simu kifudifudi juu ya mkeka kama mtu aliyeweka chungu cha moto. Tulimenya maembe. Hakuna aliyezungumza juu ya simu, na hakuna aliyefikiria kingine.

Jibu lilikuja kwa sauti. Tuliruhusiwa kulisikiliza, na tumeruhusiwa kuliandika. Alisema: "Naujua mbuyu huo. Nilikuwa nikisimama hapo kuswali. Hiyo yashuka Mombasa. Zishukazo nyingi huwa hazina mzigo. Tafuta inayopanda umpigie na hiyo, nimwonyeshe tofauti yake. Mumekula?"

Mgeni wetu aliirudia sauti ile mara mbili. Kisha akajitanda vizuri, akafuta macho kwa upindo wa leso, akauliza inayopanda itapita saa ngapi.

Tulimwuliza, wakati wa kungoja, nyumba yao ilivumilia vipi miaka ile, maana twazijua nyumba ambazo hazikuvumilia. Alisema hana siri kubwa. Walipofika Tseikuru hakuwaambia watoto kwamba baba yao ameachishwa kazi. Aliwaambia baba amerudi nyumbani, na huo nao ulikuwa ukweli. Mwaka wa kwanza mvua ilikuwa haba na ndengu hazikuzaa. Mumewe alikuwa akiamka saa tisa za usiku kwa mazoea ya safari, akikaa uani peke yake. Naye aliamka akampikia chai, kama alivyokuwa akifanya Changamwe siku za kuondoka na mzigo, ingawa hapakuwa na mzigo. Wakinywa chai, wakiswali, kukipambazuka wakienda shamba pamoja. "Sikumsaidia kitu," alisema. "Nilimpikia chai tu."

Mama zetu na dada zetu, twalifikiria jambo hili tangu turudi. Wapo waume na ndugu zetu wengi katika mji huu waliokuwa na kazi jana na leo hawanayo, na sababu yake wala si uvivu wao. Hasara hiyo huwatosha. Tusiwaongezee aibu juu yake, kwa kuwasema mbele ya watoto, kwa kuwalinganisha na waume wa majirani, au kwa kunyamaza kimya kile kinachouma kuliko maneno. Na tusiwafiche watoto wetu yale yaliyotupitia hata ikawa picha ya treni ni kitu cha kuogopwa ndani ya nyumba. Mtoto wa Tseikuru hakuwa na chuki na treni. Alikuwa akiikumbuka tu. Ni sisi wakubwa tuliokuwa tumeifungia mlango.

Iliyopanda ilipita karibu na saa kumi, imejaa. Mgeni wetu aliipiga picha kwanza, kisha akahesabu. Muda mfupi baadaye mpwa wa mumewe akafika na gari kumchukua, ili wapite njia ya Mutomo hadi Kitui, walale huko, na kesho yake waendelee Mwingi na Tseikuru. Tulikumbatiana. Maembe yaliyobaki akayatia kapuni kwa watoto.

Siku mbili baadaye alitupigia simu. Picha zimechapwa, moja ya kupanda na moja ya kushuka, na mwanawe amezipeleka shuleni. Mwalimu alitaka ajue kwa nini moja ina makontena mengi na nyingine haina. Mtoto alieleza yote, kontena kwa kontena. Alipoulizwa amejifunzia wapi, alisema baba yake alikuwa dereva wa makontena.

Mwenyezi Mungu awape riziki ya halali wote wanaoitafuta, azipe subira nyumba zao, na awafikishe salama walio njiani. Amin.