Kovu la upasuaji si lazima limrudishe mama kwenye kisu

MJAMZITO wa mkoani Simiyu aliyewahi kujifungua kwa upasuaji hukabiliwa na swali zito: je, safari hii atajifungua kwa njia ya kawaida?

Tafiti za kimataifa zinaonyesha kuwa kati ya wanawake 100 wanaojaribu baada ya upasuaji mmoja, 60 hadi 80 hufanikiwa. Mwenye matumaini zaidi ni aliyewahi kuzaa kwa kawaida, au aliyepasuliwa kwa sababu isiyojirudia, kama mtoto kutanguliza makalio. Mtoto mkubwa hupunguza uwezekano huo. Kovu la wima na mimba iliyofuata haraka huongeza hatari ya mfuko wa uzazi kuchanika.

Ajali hiyo huwapata takriban watano kati ya 1,000 wanaojaribu, lakini ikitokea, dakika chache huamua uhai. Ndiyo maana jaribio hilo huhitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji, damu na wataalamu usiku na mchana. Kwa mama wa vijijini Meatu au Itilima, maana yake ni kusogea karibu na hospitali kabla ya uchungu kuanza.

Kwa upande mwingine, kila upasuaji unaorudiwa huongeza hatari ya kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye kovu katika mimba zijazo, jambo zito kwa mama anayetarajia watoto wengi.

Uamuzi wa busara basi huanzia kliniki, kwenye kadi inayoeleza bayana kwa nini mama alipasuliwa na kovu lake ni la aina gani. Bila maelezo hayo, daktari wa Bariadi hubaki akibahatisha.